Mama Wino wa Susuni: Magadi yalimwaibisha, magadi yakamtetea

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande bado haujakauka Susuni, na Wegesa Werema tayari ana kilima cha maua mekundu mbele yake. Amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, khanga kaifunga kiunoni. Mkononi ana kipande cha bomba la chuma, kifupi kama kidole, alichokikata kwenye mguu wa kiti kibovu na kukinoa juu ya jiwe.

Anachukua ua moja, analigeuza kitako juu, anasukuma bomba, anazungusha mara moja. Kijumba cha mbegu kinachomoka na kudondokea kwenye ndoo, ganda jekundu linabaki zima mkononi. Anachukua jingine. Ukimtazama utadhani ni kazi nyepesi, mpaka upewe bomba ujaribu. Mwandishi wa makala haya alijaribu. Aliharibu maua sita, akajikata kidole gumba, kisha akarudishiwa kalamu yake kwa heshima zote.

"Kila mtu na chuma chake," anasema Wegesa huku akicheka. "Wewe andika, mimi nikoboe."

Wegesa ana miaka arobaini na sita na watoto wanne. Analima rozela, ua ambalo wengine hapa nchini hulijua kwa jina la choya. Analikausha, analipika chai, anatengeneza juisi na jamu, na mboga ya nyumbani kwake haikosi rozela ndani yake. Juisi yake hunywewa Tarime mjini na Mugumu, wilaya ya jirani ya Serengeti.

Pale kijijini wanamwita Mama Wino. Kwa miaka sita jina hilo lilikuwa likimchoma kama mwiba uliovunjikia kwenye nyama. Halafu mwezi Juni mwaka huu alikaribia kumpoteza mteja wake mkubwa kuliko wote, na pamoja naye jina jema alilolijenga kwa jasho. Ili ajiokoe, ilimlazimu asimame mbele ya watu asiowajua na kusimulia lile alilokuwa akilificha.

Tutafika huko. Kwanza chai, kwa sababu nyumbani kwa Wegesa hakuna anayeulizwa swali kabla hajanywa.

Anaweka maji kwenye sufuria ya stili. Zile za alumini zimetundikwa ukutani, safi, zinang'aa, na hazigusi rozela hata siku moja. "Ukali wa ua unakula alumini," anaeleza. "Ukilaza chai humo, asubuhi unaonja chuma."

Maji yakichemka anaipua. Ndipo anatia konzi mbili za maua makavu na tangawizi aliyoitwanga, anafunika, anaacha. Ukimuuliza mbona hachemshi pamoja, anakuangalia kwa huruma. "Chai hii haipendi kuteswa. Ukiichemsha sana inakasirika, inakuwa kali mpaka meno yanasisimka. Iache yenyewe itoe ilichonacho."

Baada ya robo saa anafunua. Ni nyekundu iliyokolea, na harufu yake inakaribia ya zambarau mbivu. Anatia asali ya Machochwe, iliyoletwa ndani ya chupa ya maji, anakoroga na kumimina. Inakuja na viazi vitamu vya kuchemsha, vya moto. Ukiuma kiazi kitamu kisha ukapiga funda la ule uchachu, unaelewa kwa nini watu wa Mugumu waliuzoea mpaka wakaugombania.

Maua yaliyobaki kwenye sufuria hayatupwi. Anayakatakata na kuyatia kwenye kitunguu kinachokaangwa, mahali ambapo wewe na mimi tungeweka nyanya, kisha nyama ya mbuzi inafuata. Uchachu unakata mafuta, mchuzi unakuwa mzito, na ugali unakwisha kabla ya nyama. Majani machanga ya mmea huohuo anayapika na karanga.

"Ua moja, vyakula viwili," anasema. "Mkurya hatupi kitu."

Wapo wanaomjia wakitaka chai kama dawa ya presha. Hao anawajibu kwa maneno machache: hospitali ipo, waende. "Mimi siuzi dawa, nauza chai. Ukipona, umshukuru daktari. Ukifurahi, ndiyo unishukuru mimi."

Hakuzaliwa akiijua rozela. Susuni aliyokulia ilikuwa ya mahindi, mihogo, ulezi na ng'ombe. Mume wake, Elia, alichimba dhahabu kwenye mashimo madogo ya Nyangoto kwa miaka kumi na moja, akarudi nyumbani na kifua kilichojaa vumbi na mifuko isiyo na kitu. Kuanzia hapo Elia hakuweza tena kushika jembe zaidi ya saa moja, na Wegesa akawa ndiye mwenye kutafuta.

Alianza kupeleka maharage Mugumu. Siku moja ya jua kali, miaka saba iliyopita, aliingia kwenye mgahawa wa Bi Rukaya karibu na stendi, akauza debe lake la mwisho, akaomba maji ya kunywa. Bi Rukaya, ambaye babu yake alitoka Pangani na cherehani kichwani akaishia kuwashonea watu wa Mugumu, hakumpa maji. Alimpa glasi ya juisi nyekundu, ya baridi.

"Nikamuuliza, Bi Rukaya, hii ni damu ya nini?" Wegesa anakumbuka. "Sisi tunakunywa damu ya ng'ombe, tunaijua. Lakini ya baridi, na sukari juu yake? Akacheka mpaka akakaa chini."

Maua ya Bi Rukaya yalikuwa yakitoka Dodoma kwa basi, ndani ya kiroba, na aliyeyakoboa alikuwa mvivu. Baadhi yalikuwa bado na mbegu ndani. Wegesa aliomba ruhusa, akachambua, akapata mbegu saba. Akazifunga kwenye pindo la khanga na kurudi nazo Susuni, akazipanda nyuma ya zizi. Zikaota tano.

Hapo ndipo ilipo aibu yenyewe.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, ile miche ilikuwa imezaa na kutoa mbegu mpya, na Wegesa alikuwa na kikapu cha maua. Wiki hiyohiyo wanaume wanne wa rika la Elia walikuja kumjulia hali. Ugeni wa watu wa rika si ugeni wa kupita. Walitahiriwa mwaka mmoja, wanaheshimiana mpaka kaburini, na chakula watakachopewa ndicho kitakachosemwa kuhusu nyumba ile. Wegesa akataka wanywe na wale kitu ambacho hawajawahi kukionja popote.

Kama mpishi yeyote wa Tarime, alikuwa na kibonge cha magadi karibu na figa. Chinsaga, ile mboga chungu ambayo wengine huiita mgagani, hupikwa kwa magadi. Majani ya kunde, magadi. Mrenda, magadi. Chochote kilicho kigumu au kikali, mama yake alimfundisha, kitulize kwa magadi. Naye alipoonja maua yale, akakuta ni makali.

"Mkono ulikwenda wenyewe," anasema. "Sikufikiri hata kidogo. Nikavunja, nikatia kwenye chai. Nikavunja tena, nikatia kwenye nyama."

Sufuria zikatoa povu, likapanda, likamwagika na kuzima moto nusu. Povu lilipotulia, wekundu ulikuwa umeondoka. Chai ikawa zambarau, zambarau ikawa bluu, bluu ikaenda kwenye kijani cheusi. Nyama ya mbuzi ikalala ndani ya mchuzi wa rangi ambayo Mungu hakuiweka kwenye chakula chochote. Wegesa alirudisha kifuniko na kuomba rangi irudi.

Haikurudi. Mama mkwe wake, Bibi Gati, alibeba sufuria mpaka mbele ya wageni na kuifunua bila kujua. Mzee Ezra, mkubwa wao, akainama, akachungulia, akauliza kwa upole kabisa, "Shemeji, umetupikia wino? Tuandike barua kwa nani?"

Walicheka. Lakini kicheko kilipokwisha hakuna aliyenyoosha mkono, maana chakula cha bluu ndani ya nyumba ya mgonjwa si mzaha mtupu, na mmoja wao alinong'ona kuhusu sumu. Walikula ugali na maziwa, wakaaga mapema. Ilipofika Jumapili, hata watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakimwita Mama Wino.

"Elia hakusema neno siku mbili," Wegesa anasema, na hapa hacheki. "Angenigombeza ningepumua. Niliona aibu mpaka nikawa nachota maji mchana, saa ambayo hakuna mtu kisimani."

Mwingine angeng'oa ile miche akawapa mbuzi. Wegesa alikaa nayo. Alipika tena, safari hii bila magadi, akaona wekundu umebaki. Akajaribu kijiko cha magadi kwenye kikombe kimoja tu, akaona unakimbia. Akarudia na ua bichi, ua kavu, jani, mara kumi na zaidi, mpaka akaijua rozela kama mtu anavyomjua ng'ombe wake kwa mlio.

Leo ana ekari moja na nusu. Msimu uliopita alipata kilo mia mbili na kumi za maua makavu, na kila kilo moja kavu hutokana na kilo kumi mbichi, zote za kukoboa kwa mkono. Wanawake sita wa jirani humsaidia na kulipwa. Mteja wake mkubwa ni yuleyule aliyempa glasi ya kwanza: Bi Rukaya huchukua chupa themanini kila wiki, kwa shilingi elfu moja na mia tano kila moja. Fedha ya Mugumu ndiyo inayompeleka Elia kliniki ya kifua na kuwaweka watoto wawili sekondari.

Bi Rukaya alijua kila kitu kuhusu Wegesa, isipokuwa lile jina. Huko Mugumu alikuwa "mama wa Susuni", basi. Habari ya wino iliishia upande huu, na Wegesa aliomba isivuke.

Ijumaa moja mwezi Juni, gari linalobeba chupa zake liliharibika njiani, mzigo ukarudishwa Susuni. Wegesa alipiga simu ya Bi Rukaya mchana kutwa, haikupatikana. Akajisemea ataeleza Jumanne.

Jumatatu simu ikaita yeye akiwa shambani.

"Usilete tena," Bi Rukaya alimwambia. "Umeanza kutia rangi, mwanangu. Nilikuwa na walimu arobaini wa semina. Wamekunywa, koo zinawawasha, ndimi zimekuwa nyekundu mpaka leo. Mgahawa wangu una miaka ishirini na tano, haujawahi kutukanwa hivi."

Wegesa alisema hakupeleka kitu Ijumaa ile. Bi Rukaya akajibu kwamba mdogo wake, Sadick, alipokea dumu kwa mikono yake mwenyewe, kutoka kwa mtu wa pikipiki aliyesema, "Nimetumwa na mama wa Susuni, gari lake limekwama." Kisha simu ikakatwa.

Kumbe mtu huyo, ambaye mpaka leo hajulikani, alikuwa amesikia habari za gari lililoharibika. Alichanganya maji, sukari, rangi ya unga na ndimu ya unga, akaenda kuvuna asikopanda.

"Nilikaa chini palepale kwenye tuta," Wegesa anasema. "Si chupa themanini zilizoniuma. Yule mama ndiye aliyenipa mbegu. Aniite mimi tapeli?"

Jioni ile alimsimulia mama mkwe wake jikoni. Bibi Gati, ambaye miaka yote sita hakuwahi kuitaja ile sufuria, aliinuka taratibu, akachukua kibonge cha magadi karibu na figa na kukiweka kwenye kiganja cha mkwewe.

"Hiki ndicho kilichokuumbua," alimwambia. "Basi ndicho kinachokujua. Nenda nacho."

Asubuhi Wegesa alipanda gari la Mugumu na chupa tatu za juisi, magadi yakiwa kwenye pindo la khanga, palepale zilipokaa zile mbegu saba. Alipita Nyangoto bila kutazama dirishani. Alifika saa nne, wakati wa supu na chapati, mgahawa umejaa madereva na waongoza watalii.

"Shikamoo, Bi Rukaya."

"Marahaba," Bi Rukaya alijibu, macho yake yakiwa kwenye mchele aliokuwa akiuchagua.

"Lile dumu mlilopokea, limebaki?"

"Limebaki. Nani alinywe?"

"Naomba Sadick alilete. Na glasi mbili."

Sadick alileta dumu, akamimina glasi moja. Wegesa akafungua chupa yake, akamimina ya pili. Wekundu wa glasi zote mbili ulikuwa mmoja. Madereva waligeuza viti. Wegesa akavunja magadi, akatia kipande hapa na kipande pale.

Glasi zote mbili zikatoa povu. Povu lilipotulia, ile ya dumu ilikuwa imebaki nyekundu kama mwanzo, nzuri kabisa, ya kupigiwa picha. Ya Wegesa ikawa zambarau, ikawa bluu, ikaingia kwenye kijani cheusi.

Na hapo, jambo ambalo Wegesa hakulitegemea likatokea. Dereva mmoja wa watalii aitwaye Joel, akiwa na chapati mkononi, alisema kwa sauti, "Sasa mama, si umejimaliza mwenyewe? Ya dumu iko salama. Iliyooza ni ya kwako!"

Watu wakaguna kukubali. Bi Rukaya akainua macho kwa mara ya kwanza, na hayakuwa macho ya mtu aliyeshawishika.

Wegesa anasema alijaribu kueleza kuhusu rangi ya ua, akaona maneno hayaingii. Kila alichosema kilisikika kama cha mtu anayejitetea. Kulibaki njia moja tu, na aliijua tangu alipopanda gari.

"Nikawaambia, najua rozela ya kweli inageuka, kwa sababu nilishaigeuza. Mimi kwetu naitwa Mama Wino."

Akawasimulia yote. Wageni wa rika, magadi, povu, Bibi Gati akifunua sufuria, Mzee Ezra na barua yake. Alisimulia akiwa amesimama, katikati ya mgahawa. Alipofika kwenye "tuandike barua kwa nani", Joel alipaliwa na chai. Mgahawa mzima ukaangua kicheko, na Wegesa akagundua kwamba naye anacheka.

Bi Rukaya peke yake hakucheka. Aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na vitu viwili: magadi yake mwenyewe, na mkebe wa maua ya Dodoma aliyokuwa amebakiza miaka yote. Hakutaka kuamini magadi ya Wegesa wala juisi ya Wegesa. Akatia maua kwenye maji ya moto, akasubiri yakolee, akadondosha kipande.

Zambarau. Bluu. Kijani cheusi.

"Hapo niliamini," Bi Rukaya alimwambia mwandishi wa makala haya alipomtembelea Mugumu. "Ua langu mwenyewe, nililolinunua kabla sijamjua huyu mama, limegeuka vilevile kama lake. Na ile juisi ya dumu nimeitilia magadi yangu, imekaa nyekundu vilevile. Nilimtukana mtu wa watu bure. Nikamwambia, Wegesa, nimekukosea, nisamehe. Nikamwambia pia, mficha uchi hazai, mwanangu. Ungenisimulia haya miaka sita iliyopita, leo nisingekushuku."

Sadick alilimwaga dumu nyuma ya mgahawa. Anasema sehemu ile ya udongo ilibaki nyekundu siku nne, na kila alipopita alijiona mjinga. Siku hizi hapokei mzigo kabla ya kupiga simu Susuni, na akipiga asipate, anapiga tena.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wegesa hana uhakika sana. "Yule wa pikipiki atarudi, watu wa namna ile hawachoki," anasema. "Ila safari hii atakuta magadi mezani."

Ni kweli atayakuta. Bi Rukaya ameweka kikopo chake karibu na chumvi na pilipili. Madereva wamekigeuza mchezo: mgeni akija mara ya kwanza, wanamtilia kwenye glasi yake, wanamtazama anavyoshtuka, kisha wanamnunulia glasi nyingine. Oda imepanda kutoka chupa themanini hadi mia moja na ishirini. Mgahawa mwingine wa Mugumu umeomba, na Wegesa ameujibu usubiri mpaka maua yakauke.

Kukauka ndiko kunakomsumbua sasa. Anakausha kwenye mikeka, kivulini, maana jua kali linachuja rangi, na kuku wa Susuni hawana adabu. Mvua ikija ghafla, wanawake saba wanakimbia kama nyumba inaungua. Anajenga kibanda cha kukaushia chenye vichanja vya wavu. Ameshanunua mabati kumi na mawili kati ya ishirini, na nguzo zimesimama. Vibali vya kuuza kama bidhaa rasmi ameanza kuvifuatilia.

"Mwakani nataka ekari tatu," anasema, tena kama mtu anayetaja siku ya soko, si kama mtu anayeota. "Hawa wanawake sita kila mmoja awe na shamba lake. Mimi ninunue kwao. Mbegu ninazo za kumgawia yeyote, nilipewa bure."

Jambo moja lilibaki. Chupa zake hazikuwa na jina, na chupa isiyo na jina, kama alivyojifunza, ni ya yeyote mwenye pikipiki. Alhamisi iliyopita alikwenda Tarime mjini kutengeneza lebo, akiongozana na Elia aliyekuwa na kliniki siku hiyo.

Kwenye duka la kuchapisha, dada aitwaye Neema alifungua kompyuta na kuuliza, "Tuandike nini, mama?"

"Andika Rozela ya Susuni," Wegesa alisema. Alikuwa amelifikiria jina hilo wiki mbili.

Neema akaanza kubofya. Elia, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akivuta pumzi baada ya ngazi, akainua mkono.

"Hapana," alisema. "Andika Mama Wino."

Wegesa akageuka kumtazama. Kwa miaka sita kijiji kizima kilikuwa kimemwita hivyo, Elia hakuwahi hata mara moja. Siku ile ya wageni alinyamaza siku mbili, na baada ya hapo akawa mtu pekee Susuni ambaye jina lile halijawahi kutoka kinywani mwake. Wegesa siku zote alidhani ni kwa sababu ya aibu.

"Uliona aibu," alimwambia, pale mbele ya Neema.

"Nilikuwa nawasubiri waache," Elia alisema. "Kama hawaachi, basi walilipie." Akapumzika kidogo, akaendelea. "Rozela ya Susuni mtu yeyote anaweza kuiandika. Mama Wino ni mmoja."

Wegesa alishika pindo la khanga yake, akafuta uso, akamwambia Neema afute aliyoandika. Juu yaandikwe hayo ya mzee, na chini yake, kwa herufi ndogo, maneno matatu: Pima kwa magadi.

Neema akaandika. Kisha akauliza kama maandishi yawe mekundu, yafanane na chai yenyewe.

"Weka ya bluu," Wegesa alisema.